Upendo wa Jikoni Uanzie Shambani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyotufundisha wazee, na kwa miaka mingi mama wa nyumbani hapa Bomani, mjini Tarime, amemtazama kwa shaka kila mchuuzi aliyepiga hodi na beseni kichwani, akiamini kwamba mboga nzuri zingekwisha sokoni kabla ya kutembezwa milangoni. Hata hivyo, kwa muda wa majuma sita yaliyopita sisi wa meza hii tumekuwa tukipokea mlangoni kikapu cha mazao ya kilimohai, na jambo hilo limetufanya tuufikirie upya usemi huo wa wazee. Limetufanya pia tujiulize swali ambalo tunapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo: tunaposema kwamba chakula kimepikwa kwa upendo, upendo huo unaanzia wapi?

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kikundi kidogo cha akina mama wenye mashamba katika miinuko ya nje ya mji hulima bila mbolea ya chumvichumvi na bila dawa za viwandani. Sisi tulilipa kila Jumatatu, na kila Jumamosi asubuhi kijana wa bodaboda akatuletea kikapu. Hatukuruhusiwa kuchagua. Tulipewa kile ambacho shamba lilikuwa nacho siku hiyo. Juma la kwanza tulipata mgagani, majani ya kunde, viazi vitamu na mkungu mdogo wa ndizi. Juma la pili ulikuja mnavu, majani ya maboga, maharage mabichi na unga wa ulezi. Juma la tatu zikaja nyanya, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza.

Nyanya zile zilikuwa ndogo, nyingine zimepasuka, na mbili zilikuwa na funza. Mgagani nao ulikuwa umenyauka kwa kuchelewa juani. Tulipolalamika, mama aliyetuuzia alitujibu kwa utulivu kwamba funza wake ni shahidi, kwa maana hata mdudu hali palipotiwa sumu. Tulicheka, tukazikata nyanya zile, tukatupa palipooza na kupika palipobaki. Mchuzi ulikuwa mzuri. Lakini tulipokwisha kula tulitambua kwamba jibu lile lilikuwa na ukweli wa nusu, na kwamba mnunuzi mwenye busara hawezi kulala usingizi kwa kutegemea ushahidi wa funza. Tutalirudia jambo hilo hapa chini.

Kwanza tuseme juu ya mapishi. Mgagani, ambao ndugu zetu Wajaluo wa Rorya huuita dek na jirani zetu wa Kisii ng'ambo ya mpaka huuita chinsaga, si mboga ya mtu mwenye haraka. Huchambuliwa jani kwa jani na kutengwa na vikonyo vyake. Huoshwa, huchemshwa, na maji yake machungu humwagwa. Kisha hutiwa maziwa, ukaachwa chunguni ulale. Kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa mengine, na wapo wanaofanya hivyo hata siku ya tatu. Ndipo uchungu unapogeuka kuwa utamu wa aina yake, na ugali wa ulezi au wa udaga ukapata mwenziwe. Mtu aliyekula mgagani wa jana hawezi kudanganyika na mgagani wa dakika kumi.

Neno upendo limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu. Limebandikwa kwenye pakiti za viungo na katika matangazo ya mafuta ya kupikia, kana kwamba hununuliwa dukani likatiwa mchuzini. Kwa kweli upendo wa jikoni ni kazi. Ni kuamka kabla ya jogoo, kupuliza moto, kuvumilia moshi na kukumbuka kwamba mtoto mmoja hapendi pilipili na kwamba mzee wa nyumba hana meno. Na jambo la kusikitisha ni kwamba katika nyumba nyingi za mkoa wetu kazi hiyo hudaiwa kwa mtu mmoja tu, naye ni mama, ambaye pengine ametoka kupalilia tangu alfajiri. Wengi wetu katika meza hii ni wanaume. Tumekula mgagani tangu utotoni, tukausifu, wala hatukupata kuuchambua. Kikapu kilipoanza kuja, wake zetu walituwekea ungo mbele yetu. Kazi tuliyodhani ni ya robo saa ilituchukua asubuhi nzima, na tangu siku ile sifa zetu mezani zimekuwa za unyenyekevu zaidi.

Lakini upendo huo wote, maziwa yote na subira yote, vyaweza kupotea bure iwapo jani lililoingia chunguni lilikwisha kuharibiwa shambani. Kila mtu anayekwenda sokoni amepata kuona nyanya zenye vumbi jeupe, nyanya ambazo mama huzifuta kwa khanga kabla ya kuzitia kikapuni. Hatusemi kwamba kila nyanya yenye vumbi ina sumu ya kumdhuru mtu, wala hatupendi kuwatia hofu wananchi. Tunachosema ni kwamba kila dawa ya mimea ina siku zake za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, na siku hizo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Mkulima akinyunyiza leo na kuchuma kesho kwa kuwa gari la mnunuzi limefika, basi siku zile zimerukwa, na masalia ya dawa yamesafiri pamoja na mboga. Kuosha kwa maji safi husaidia kupunguza kilicho juu ya ganda. Hakuondoi dawa iliyokwisha kunywewa na mmea wenyewe.

Ni rahisi kumlaumu mkulima, nasi tunakataa kufanya hivyo. Mkulima mdogo mara nyingi hununua dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, isiyo na kibandiko wala jina. Anayemuuzia humwambia kipimo kwa vifuniko. Hana glavu, hana barakoa, na bomba la kunyunyizia linamvujia mgongoni. Mtu wa kwanza kula sumu ile ni yeye mwenyewe, kwa ngozi na kwa pumzi, kabla haijamfikia mlaji wa Bomani. Na ni nani aliyemfikisha hapo? Ni sisi wanunuzi, tunaopita sokoni tukiigeuza kabichi mara tatu na kuikataa kwa ajili ya tundu moja la kiwavi. Tumeidai mboga ing'ae kama sahani, naye ametupatia mng'ao huo kwa njia aliyoiweza.

Taifa hili halikuanza leo kufikiri juu ya chakula. Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wakati wananchi walipokusanyika vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana na kuamua la kufanya. Mwaka 1973 pia ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Swali kubwa la siku zile lilikuwa kama chakula kinatosha na kama kimekamilika: je, mtoto anapata maharage, mboga, maziwa na matunda, au anashibishwa ugali mtupu? Swali hilo bado halijakwisha katika mkoa wetu. Lakini siku hizi hatuna budi kuongeza swali la pili, nalo ni kwamba chakula hicho kimelimwaje, na kimemgharimu nini aliyekilima na ardhi iliyokizaa.

Wenzetu wa nchi nyingine waliliuliza swali hilo kwa uchungu. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu chake juu ya madhara ya dawa za kuua wadudu, na mataifa makubwa yakaanza kujitazama. Huko Japani, kuanzia miaka ya 1970, akina mama wa mijini waliotishwa na uchafuzi wa vyakula walifanya mapatano ya moja kwa moja na wakulima: mkulima alime bila sumu, nao wachukue mavuno yake yote kwa bei iliyokubaliwa, mboga ziwe nzuri au zimepinda. Mapatano hayo huitwa teikei, maana yake ushirikiano. Walaji wengine walikwenda mashambani kusaidia kupalilia. Wasomaji wetu wataona kwamba kikapu chetu cha Bomani si jambo geni duniani. Wala kwetu sisi, tuliolelewa katika desturi ya kusaidiana kulima na kula pamoja, moyo wake si mgeni.

Hapa nchini nako kazi imefanyika. Shirika la kuendeleza kilimohai, lijulikanalo kwa kifupi TOAM, lilianzishwa mwaka 2005. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimohai, na alama ya Kilimohai ikaanza kubandikwa kwenye bidhaa zilizokaguliwa. Mkoani Morogoro, tangu mwaka 2011, wakulima wadogo wamekuwa wakifundishwa kilimo cha namna hiyo na shirika la Sustainable Agriculture Tanzania. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimohai unaofikia mwaka 2030. Kwa hiyo anayesema kwamba kilimohai ni anasa ya wageni anasema jambo ambalo limekwisha kupitwa na wakati.

Hata hivyo tunapenda ieleweke wazi kwamba hatuandiki haya ili kuuza miujiza. Wapo wanaotangaza kwamba mboga za kilimohai huponya kila ugonjwa, na hao tunawaomba wanyamaze. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti nyingi zilizolinganisha vyakula vya aina hizi mbili. Waliona kwamba masalia ya dawa ni machache zaidi katika vyakula vya kilimohai, lakini hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula hivyo vina virutubisho vingi zaidi. Huo ndio ukweli, nao unatutosha. Mgagani una madini na vitamini zake kwa sababu ni mgagani, na mtoto anayekula mboga iliyolimwa kwa mbolea ya dukani yu bora kuliko mtoto asiyekula mboga kabisa.

Vilevile si kila kitu cha asili kilicho salama. Utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, ni wa asili, nao ni sumu. Maji ya majani ya tumbaku ni ya asili, nayo humdhuru anayeyashika ovyo. Samadi mbichi ikitiwa kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa yaweza kumletea mlaji magonjwa ya tumbo. Kilimohai si kurudi nyuma wala kuacha shamba lijilee lenyewe. Ni elimu: kuozesha samadi hadi iive, kubadilisha mazao, kupanda mikunde, kufunika udongo kwa majani na kumjua mdudu rafiki na mdudu adui. Mkulima wa namna hii anahitaji bwana shamba zaidi, si pungufu.

Sasa turudi kwa yule funza. Mdudu ndani ya nyanya ni dalili tu. Hatuwezi kumfanya cheti. Mchuuzi mjanja aweza kuokota mabaki sokoni, akayaita ya kilimohai na kuyatembeza Bomani kwa bei ya juu. Akifanya hivyo mara mbili, imani ya wanunuzi itakufa, na atakayeumia ni yule mama mwaminifu wa milimani. Cheti cha wakaguzi wa kimataifa ni ghali, nacho kinamfaa zaidi anayeuza nje. Lakini ipo njia iliyokwisha kutumika hapa nchini, ambayo wakulima wa kikundi kimoja hukaguana wenyewe kwa wenyewe kwa kanuni zilizoandikwa, walaji wakashirikishwa, na aliyevunja kanuni akaondolewa mbele ya wenzake. Katika jamii yetu, ambamo jina la mtu na la ukoo wake bado vina uzito, ukaguzi wa jirani ni mkali kuliko mhuri.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lilitukosesha raha, nasi hatuna haki ya kulificha. Katika mazungumzo yetu na mama yule tulimwuliza watoto wake wanakula nini siku ya Jumamosi, kikapu kikiwa kimekwisha kuondoka. Alisema kwamba wanakula mboga ileile, lakini mayai na maziwa huuzwa. Jibu hilo halikuwa na lawama, na kwa sababu hiyo lilituchoma zaidi. Kama upendo wetu wa jikoni unawanyima watoto wa mwingine maziwa, basi tumehamisha njaa tu kutoka nyumba moja hadi nyingine. Bei ya kikapu sharti imwezeshe mkulima kubakiza chakula nyumbani kwake. Na kikapu chenyewe kisiwe cha watu wa mshahara peke yao. Fundi cherehani na mama lishe wa stendi nao wana watoto.

Mkoa wetu una utajiri ambao hatujautumia sawasawa. Mara ni nchi ya ng'ombe, na samadi imejaa katika mazizi. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa, kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na kuoza kwa mimea ya ardhioevu kuwa chanzo, na wapo ambao hawakuridhika na majibu hayo. Hatukusudii kuufufua ubishi ule. Lakini kila mtu atakubali kwamba samadi iliyozagaa na kuteremka mtoni ni hasara mara mbili: mto umechafuka, na shamba limekosa mbolea. Samadi hiyohiyo ikikusanywa, ikaozeshwa na kupelekwa shambani, ni akiba ambayo mkulima halazimiki kuinunua kwa fedha taslimu kila msimu.

Jambo la kuni nalo halina budi kutajwa. Mapishi ya chungu na subira yanakula nishati, na milima yetu haina tena miti ya kuchezea. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hatuoni ugomvi kati ya mgagani wa kulaza na nishati safi. Mboga iliyochemshwa mara moja kwa gesi, ikalala na kupashwa kidogo siku ya pili, inaweza kutumia moto mchache, na mapafu ya mama yakapona. Upendo haupimwi kwa wingi wa moshi.

Kutokana na hayo yote tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, tunawaomba wananchi wa Bomani na wa miji mingine ya mkoa wetu wajiunge kaya kumi kumi, wafanye mapatano na kikundi cha wakulima wanachokifahamu, walipe mapema, na wakubali mboga yenye tundu. Anayelipa mapema anamwondolea mkulima hofu ya kukosa soko, na hofu ndiyo inayomkimbiza kwenye chupa isiyo na kibandiko.

Pili, tunaiomba Halmashauri itenge meza katika soko kwa ajili ya mazao ya kilimohai yaliyokaguliwa na vikundi, ili asiyeweza kuletewa nyumbani naye ayapate. Mazao yetu mengi huvuka Sirari na kuingia Kenya kabla mlaji wa hapa hajayaona. Si dhambi kuuza nje. Lakini itakuwa aibu iwapo kilicho safi kitakwenda kwa jirani na chenye vumbi kikabaki kwa watoto wetu.

Tatu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina wajibu wa kudhibiti biashara ya dawa hizi nchini. Tunaomba mkono wake uonekane katika magulio yetu, na uanze na wale wanaomimina dawa katika chupa za soda, si na mkulima aliyeuziwa. Mabwana na mabibi shamba nao wapewe usafiri ili elimu ya siku za kusubiri imfikie hata yule asiyekusudia kuacha dawa kabisa. Huyo ndiye wa walio wengi, na usalama wake ni usalama wetu.

Nne, tunasema na wanaume wenzetu. Tuvute ungo. Tuchambue mboga. Mtu anayejua ugumu wa kuandaa chakula hakitupi, hakikejeli, wala habishani na mkulima juu ya shilingi mia.

Wazee hawakukosea waliposema kizuri chajiuza. Walikuwa wakizungumza juu ya siku ambazo mlaji alimjua aliyelima, na jina la mkulima ndilo lililokuwa tangazo lake. Kikapu kinachofika mlangoni petu Jumamosi hakitufurahishi kwa sababu tumepunguziwa safari ya sokoni. Kinatufurahisha kwa sababu kimeturudishia ujuzi huo uliopotea: tunajua mikono iliyoupanda mgagani huu, nayo inajua watoto watakaoula. Mahali ambapo watu wanajuana hivyo, ni vigumu mmoja kumlisha mwenziwe sumu. Jumamosi ijayo kikapu kitakuja tena. Tumekwisha kuagiza maziwa, nasi tumemwambia mama yule abakize kwanza ya watoto wake.